Wateja Sitini na Watatu wa Zumari

Tuwan, Kitale
9 Juni 2025

Shemeji Roselyne,

Usishtuke kuona karatasi, hakuna habari mbaya. Nimekupigia simu tangu Pasaka na hupokei, wala sikulaumu. Nikaona afadhali barua. Barua hailii. Inakaa tu mezani mpaka umalize chai yako, halafu ukitaka unaisoma, usipotaka unawashia jiko.

Sababu ya pili ni aibu yangu mwenyewe. Simu ninayobeba siku hizi haina WhatsApp. Nimekuwa ajenti wa simu mpya, na masharti ya kampuni ni kwamba ajenti asionekane na nyingine. Simu yenyewe ni nzuri, nyepesi, chaji inakaa siku tatu. Ndani yake kuna mfumo mpya unaitwa Zumari. Najua umeanza kuhesabu. Hesbon aliuza zile za vibonye vidogo kama punje za mtama, zikafa. Akauza zile za vigae vya rangi, zikafa. Akachukua ule mfumo wa simu rahisi za tochi, nao ukazimwa, akabaki na maboksi mawili ambayo kuku wa mama mkwe wanatagia mpaka leo. Ni kweli yote. Marehemu ndugu yangu Khaemba, mumeo, alikuwa akisema, ukitaka kujua mfumo gani utakufa, uliza Hesbon ameukubali upi.

Lakini safari hii nimefundishwa. Kampuni ilimtuma dada mmoja kutoka Nairobi, anaitwa Joan, akatukalisha sisi wenye maduka hotelini siku nzima na biskuti. Akasema mfumo hauingii sokoni kwa sababu ni mzuri. Kwanza unamtafuta mtengenezaji wa simu aliyechoshwa na masharti ya wale wakubwa, unampa wako bure. Halafu unaenda kwa kampuni ya laini, unaiahidi wateja, nayo inawapa wateja hao bando za miezi mitatu. Hao wawili, akasema, tayari tuko nao. Shida iko mbele. Mnunuzi hataki simu isiyo na programu, na mwenye programu hataki kuandikia simu isiyo na wanunuzi. Ni kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia.

Basi nikainua mkono. Nikasema mkulima wa huku hahitaji programu elfu moja. Anahitaji moja, inaitwa Gunia, na aliyeiandika ni mke wetu, yuko Bungoma.

Shemeji, huyo dada aliweka biskuti chini.

Kwa hivyo ombi langu ndilo hilo. Mahindi yataanza kuingia ghalani Novemba. Bila Gunia mkulima hapati namba ya foleni, na bila namba atalala nje ya lango siku tatu juu ya lori la kukodi. Ukiiandikia Zumari kabla ya Novemba, simu zitatoka, na mimi nitakuwa nimechagua vizuri mara moja maishani. Fikiria tu. Sikusukumi.

Mama wa hapa anakusalimu sana.

Shemeji yako,
Hesbon Khisa


Bungoma
27 Juni 2025

Shemeji Hesbon,

Barua nimeipata. Ilikaa stendi, kwa kaunta ya vifurushi vya mabasi, siku tisa kwa sababu sikuwa nimetoka.

Mimi niko. Nakula, nalala. Watu wa kanisa wanakuja Jumatano, wanaomba, naitikia, wanaenda. Gunia inajiendesha yenyewe. Wakulima elfu sita na zaidi wanachukua namba, mimi siigusi, na haiharibiki. Khaemba aliijenga hivyo.

Kuhusu Zumari jibu ni hapana. Nakueleza sababu usije ukadhani nimekasirika. Programu haihamishwi kama godoro. Kila mfumo una lugha yake na milango yake, inabidi uandike upya karibu yote, na ukimaliza unabaki na watoto wawili wa kulea badala ya mmoja. Kwa miaka sita watu wa mifumo mitatu wameniandikia. Wote walikuwa na adabu. Wote waliahidi pesa na fulana. Mifumo miwili kati ya hiyo haipo tena. Fulana ninayo moja, napigia deki.

Na kuna la pili. Sehemu ya foleni aliandika Khaemba peke yake. Huwezi kuhamisha Gunia bila kufungua foleni, na mimi sijaifungua tangu Aprili mwaka jana. Si kwamba naogopa. Nakaa mbele ya mashine, mkono hauendi. Sina la kuongeza hapo.

Salimia nyumba.

Roselyne


Tuwan, Kitale
14 Julai 2025

Shemeji,

Hapana yako nimeipokea. Nimeiweka mahali pazuri, karibu na ile uliyonipa mwaka ule nilipoomba gari la Khaemba niende nalo Webuye, na ukumbuke siku ile mwishowe nilienda nalo.

Acha nikupe habari za duka, hata kama hukuuliza. Simu zinatoka. Nilipoanza nilikuwa nauza moja kwa wiki, tena kwa watu waliokosea duka. Sasa nimefika thelathini na moja. Kampuni inachukua simu kuukuu ya mteja na kumpunguzia bei ya mpya, kwa hivyo wanaleta za zamani, nazifunga kwenye katoni, zinaenda Nairobi. Mteja anabaki na Zumari peke yake, hana pa kurudi. Joan anasema hiyo ndiyo siri yenyewe. Ukimwachia mtu simu mbili atarudi kwa ile aliyoizoea.

Lakini kuna kazi ambayo hakutufundisha. Zumari haiwezi kusoma majina yaliyo kwenye simu ya zamani. Kwa hivyo nakaa na daftari, mteja ananisomea, naandika, halafu naingiza moja moja kwa kidole hiki kinene unachokijua. Hapo ndipo utawajua watu. Mzee Thuo, yule wa shamba la njia ya Kimilili, mzee wa kanisa na kitambi chake cha heshima, amemhifadhi mkewe Wamboi kwa jina la Ofisi Kuu. Mwalimu mmoja ana watu wanne wanaoitwa Usipokee, wa kwanza mpaka wa nne. Nikamuuliza, sasa mwalimu, utajuaje ni yupi? Akasema si lazima ajue.

Wanauliza Gunia inafika lini. Nawajibu vizuri.

Usipojibu haraka sitanuna.

Hesbon


Bungoma
2 Oktoba 2025

Hesbon,

Jumanne nilikuja Kitale. Ni safari ya kwanza tangu mazishi. Kulikuwa na karatasi za shamba la Khaemba zinazotaka sahihi yangu, na mwanasheria alichoka kunisubiri. Nilipomaliza nikaona nipite Tuwan nikuamkue. Ulikuwa umefunga, umeenda kula.

Niliona bango.

Limeandikwa kwa herufi kubwa: GUNIA INAKUJA ZUMARI KABLA YA MAVUNO, NUNUA SASA. Chini yake ni mimi. Ilinichukua muda kujua picha hiyo umeitoa wapi, maana nimevaa kile kitenge cha kijani na natabasamu. Halafu nikakumbuka. Ni ukurasa wa nne wa kile kijitabu cha mazishi. Umemkata Khaemba, lakini hukumkata vizuri. Mkono wake umebaki begani mwangu, vidole vinne na saa.

Nilisimama pale. Nilikuwa nangoja nisikie kitu ndani, hasira au chochote. Hakikuja. Nikasoma bango tena kama mtu anayesoma bei ya sukari.

Hapo mzee mmoja akavuka barabara akija mbio kidogo, kofia mkononi. Akajiita Thuo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema: "Mama Gunia, tumekungoja. Khisa alituambia usiwe na wasiwasi, huyo ni mke wa nyumba yetu, hawezi kukataa."

Nilimwambia asante. Akaniongezea mayai ya kienyeji kumi na mawili, nikayabeba mpaka Bungoma kwenye mapaja.

Nieleze uliahidi watu wangapi.

Roselyne


Tuwan, Kitale
4 Oktoba 2025

Roselyne,

Sitini na tatu.

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na mzaha, nikaichana. Ya pili ilikuwa inalia sana, nikaona nitakuongezea kazi ya kunibembeleza. Hii ni maelezo tu.

Siku ile ya biskuti, Joan alitupa fomu. Kulikuwa na mahali pa kujaza: programu zilizothibitishwa eneo lako. Wenzangu waliacha wazi. Mimi nikaandika Gunia. Wino ulikuwa umekauka kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Kwa hivyo ule mwezi wa sita sikuwa nakuomba, nilikuwa natafuta namna ya kulipa neno ambalo nilikuwa nimeshalitoa. Ulipokataa nikasema atalainika. Halafu wakulima wakaanza kuuliza, nikawaambia inakuja, na kila niliyemwambia akanunua, na kila aliyenunua akaleta jirani. Nilikuwa sijawahi kuuza hivyo. Nililala vizuri sana mwezi wa saba, nakwambia ukweli.

Hilo neno alilokuambia Thuo nililisema. Nililisema zaidi ya mara moja. Nilikuwa nasema mke wetu jinsi mtu anavyosema ng'ombe wetu au lango letu, kitu kiko nyumbani, hakina haja ya kuulizwa. Wazee wa kwetu wanasema hivyo na hakuna anayeshtuka. Mimi pia sikushtuka mpaka niliposoma barua yako.

Picha sikuwa na nyingine yako nzuri. Hilo si sababu, ni jinsi ilivyokuwa. Mkono sikuuona. Nimeenda kuangalia, uko pale. Siku zote hizo nilikuwa nafungua duka chini ya saa ya Khaemba na sikuiona.

Bango nimelishusha. Wateja bado sijawaambia. Nitawaambia.

Hesbon


Tuwan, Kitale
11 Novemba 2025

Shemeji,

Hujajibu, na hii pia si lazima uijibu. Naripoti tu ili usisikie kwa watu.

Niliwaambia. Niliwaita Jumapili baada ya ibada, nyuma ya duka, wakaja arobaini na kitu. Nikasema Gunia haiji, na kwamba niliiahidi kabla mwenyewe hajaulizwa, na alipoulizwa alikataa. Nilijiandaa kwa kelele. Hawakupiga kelele. Wamboi wa Thuo ndiye aliyesema, akiwa amekaa pale pale: "Sasa Khisa, sisi tuliuliza mara ngapi?" Nikasema mara nyingi. Akasema, "Basi hapo ndipo pananiuma. Si simu." Wengine wakaangalia chini kama ni wao wamekosa. Kisha wakaenda, kwa sababu mahindi yalikuwa bado shambani na wingu lilikuwa juu ya Elgon.

Kurudisha simu zao za zamani haiwezekani. Nilimwandikia Joan, akasema katoni zilishaenda kuvunjwavunjwa.

Kwa hivyo nimevunja sharti la kampuni, nimenunua simu ya kawaida kuukuu, nikaweka Gunia ndani, nikatoa ubao mweusi uliokuwa wa menyu wakati ule duka lilikuwa hoteli. Nikasema nitawaombea namba wote mimi mwenyewe, moja moja, nazichora kwa chaki nje, kila mtu anapita anasoma yake. Nilianza jana asubuhi. Thuo akapata. Mwalimu wa Usipokee akapata. Wa tatu, wa nne, wa tano. Nilipoomba ya sita, ikaandika kwa herufi nyekundu kwamba simu hii imefungiwa kwa sababu inatumiwa na dalali.

Nimeitwa mengi katika biashara hii, lakini dalali ilikuwa bado.

Ubao una majina sitini na tatu na namba tano. Watu wanapita, wanaangalia, wanasema haya, wanaenda. Thuo alikuja na namba yake akaniambia nimpe mwingine, hawezi kuingia langoni wenzake wakimwona. Nikamwambia haihamishiki. Akakaa kwenye benchi langu mpaka saa saba.

Wanaanza kupakia malori kesho kutwa.

Hesbon


Bungoma
13 Novemba 2025

Hesbon,

Nilikuona kabla ya barua yako. Jumatatu saa nne asubuhi Gunia ilinitumia onyo: simu moja, Kitale, inaomba zaidi ya namba tano. Maonyo kama hayo huja kila mavuno na mimi hufuta, maana ni madalali kweli, wananunua mahindi kwa watu waliochoka kungoja. Nikafuta na hilo. Jana barua ikafika ndipo nikajua nimekufuta wewe.

Nilifungua foleni.

Sikuamua. Nilikuwa nataka tu kuona ile sheria ya namba tano imekaa wapi. Unajua waandishi wa programu huacha maneno katikati ya kazi, mashine haiyasomi, ni ya mtu atakayekuja kurekebisha. Khaemba alikuwa anaacha mengi. Juu ya sheria hiyo ameandika hivi:

Simu moja, namba tano. Akiomba ya sita ni dalali. Rose, usimfungulie hata kama ni Hesbon.

Niliisoma mara nne. Nikangoja kidogo nione kama nitalia, halafu nikaendelea na kazi.

Sheria sikuiondoa. Alikuwa na haki. Nikikufungulia wewe leo, kesho kila dalali ataandika kwamba ana wazee sitini nyuma yake. Na Zumari sitaiandikia. Siku hizi chache hazitoshi, hata miezi miwili haingetosha.

Lakini chini kabisa ya foleni nilikuta kitu nilichokuwa nimekisahau. Mwaka wa kwanza, kabla hatujawa na programu, Gunia ilikuwa ujumbe mfupi tu. Mkulima anatuma jina lake na idadi ya magunia, anarudishiwa namba. Khaemba aliizima kwa sababu mtu mwenye laini kumi alikuwa anajifanya watu kumi. Hakuifuta. Nimeiwasha tena, na nimeifunga kwa orodha: kama laini haiko kwenye orodha, haijibiwi, na atakayetaka baadaye atajiandikisha kwanza. Inafanya kazi kwenye simu yoyote, ya tochi, ya vigae, ya Zumari. Haijali ndani kuna mfumo gani.

Naelewa kwamba ukiitangaza, hakuna atakayekuwa na sababu ya kununua simu yako tena. Hilo ni lako kuamua. Nisingependa kukuamulia.

Ukiitaka, niletee orodha ya wale sitini na tatu, majina kamili na laini zao. Usipige simu, nitakosea kuandika. Barua hii inakuja kwa gari la kwanza asubuhi; leta karatasi leo kwa gari la mwisho, nitakuwa kaunta ya vifurushi nangoja.

Kila mmoja mwulize kwanza kama anataka jina lake liingie.

Roselyne


Tuwan, Kitale
8 Desemba 2025

Roselyne,

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nashinda ghalani. Si kwamba nilikuwa na mahindi. Nilikuwa nasimama tu langoni kuona kama wanaingia.

Wameingia. Siku ile nilizunguka kwa pikipiki nyumba kwa nyumba na daftari la majina, nikiuliza kama ulivyosema. Sitini na moja walikubali. Mmoja alikuwa ameshauza kwa dalali shambani, akaniambia bei kisha akafunga mlango polepole. Mmoja alikataa tu, hakusema kwa nini, nikapiga mstari juu ya jina lake. Ujumbe ulianza kuingia siku iliyofuata saa moja asubuhi. Thuo alikataa ile namba yangu ya ubaoni, akaomba upya kwa laini yake, akaangukia ya mia mbili na kumi na mbili, akaingia siku ya Alhamisi. Mkewe alipita dukani baadaye kununua chaja. Alilipa, akahesabu chenji, akasema haya basi. Hiyo ndiyo shukrani niliyopata na nadhani imezidi kidogo.

Zumari imekwisha hapa. Ulisema kweli. Nilibandika karatasi mlangoni kwamba Gunia sasa inapatikana kwa ujumbe mfupi kwenye simu yoyote, na tangu siku hiyo sijauza hata moja. Niliibandika mwenyewe, nikarudi ndani nikakaa. Nilidhani nitajisikia vibaya, au vizuri. Nilisikia njaa, nikaenda kula.

Joan alikuja Ijumaa kuchukua kibao cha kampuni. Hakuwa na ubaya. Alikunywa chai, akaniambia hata Nakuru na Eldoret ni hivyo hivyo, mtengenezaji ameanza kurudi kwa wale wakubwa, na kampuni ya laini haitaongeza bando. Lakini akasema wakubwa wake hawajakata tamaa. Wanatengeneza Zumari ya pili, itatoka mwakani, na safari hii wanataka kuanza na wenye programu kabla ya kuuza simu hata moja. Akatoa karatasi. Wa kwanza kwenye orodha yake ni wewe. Watakulipa vizuri, akasema, ila angependa kujua mapema kama utakubali ili ajaze. Akaniambia, "Mzee Khisa, wewe si ni wa nyumbani? Niambie tu, niandike ndiyo."

Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

Nikamwambia sijui. Akacheka, akadhani namtania, wanaonijua wote hudhani hivyo. Nikamwambia tena sijui, na kwamba anwani yako ni sanduku la posta Bungoma, akuulize mwenyewe. Halafu akaandika anwani, pale penye jibu akapaacha wazi, akakunja karatasi akaenda.

Kwa hivyo akikuandikia, ujue kutoka kwangu hakuna neno lililotangulia.

Hesbon